Korongo wa Loyce

Mwalimu Erasto alishuka Lupepo jioni ile kununua mkungu wa ndizi tu. Darubini aliiacha nyumbani Bulyaga, mjini Tukuyu, na baadaye ndilo jambo lililomuuma kuliko yote.

Ukungu ulishaanza kushuka. Ilikuwa katikati ya Oktoba, msimu ambao ndege wahamaji wanaokimbia baridi ya Ulaya hupita Rungwe makundi kwa makundi. Erasto, mwalimu wa baiolojia aliyeletwa na ajira kutoka Singida, alikuwa amewahesabu kwa miaka sita. Daftari alikuwa nalo, cheti alikuwa nacho. Macho ya Loyce ndiyo hakuwa nayo.

Loyce alikuwa mkulima wa migomba. Majina ya ndege alifundishwa na Erasto huyohuyo, kwenye semina ya siku mbili, akiwa amekaa kiti cha nyuma na kikapu chake miguuni. Sasa kila ndege adimu aliyetua wilayani, yeye ndiye wa kwanza kumwona. Akituma picha kwenye grupu la watazama ndege, watu wanashangilia: "Loyce tena!" Erasto naye alituma makofi yake, kwa kidole. Tuseme ukweli, alimwonea wivu mpaka chakula hakishuki.

"Mwalimu," Loyce alinong'ona alipomwona akiingia uani. "Njoo uone."

Simu ilikuwa na kioo kilichopasuka. Lakini picha ilionekana vizuri. Korongo mweusi, mdomo mwekundu, amesimama kwenye kina kifupi cha ziwa dogo lililo chini ya shamba.

Erasto alimeza mate. Yeye alikuwa amemsubiri ndege huyo miaka sita, na sasa, bila darubini, kutoka pale uani aliona ukungu tu.

"Umempiga picha saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, wewe ukiwa njiani. Bando limeniishia, mwalimu. Nikurushie kwa bluetooth kwenye simu yako, unitumie kwenye grupu. Kwa jina langu, eeh?"

"Kwa jina lako."

"Ndaga fijo, mwalimu," akamshukuru.

Akiwa barabarani anasubiri bodaboda, mkungu wa ndizi ukiwa chini, Erasto aliandika: *Korongo mweusi, Lupepo, leo jioni. Ameonwa na Loyce.* Akaliangalia lile jina. Akalifuta. Akaandika: *Nimempata!* Akatuma.

Simu ikaanza kutetemeka kwa pongezi. Alikuwa bado anatabasamu aliposikia kitu nyuma yake.

Ta-ta-ta-ta...

Mdomo. Mdomo mrefu unaogonganishwa. Aligeuka. Ukungu mtupu... na harufu ya tope la ziwani, wakati ziwa lilikuwa mbali kule chini.

Usiku huo miguu yake ilipoa. Wenyeji wa Tukuyu baridi wanaijua, lakini hii ilikuwa nyingine. Alivaa soksi jozi mbili. Asubuhi zilikuwa zimelowa, zinanuka majani yaliyooza.

Siku ya pili baridi ilifika magotini. Alipimwa malaria, hana. Siku ya tatu ilikuwa mapajani, na Bibi Anyelwisye, mwenye nyumba wake, alipomletea jiko la mkaa alimshika goti.

"Mwanangu, hii si homa. Unasemwa."

"Nasemwa na nani, bibi?"

"Unajua mwenyewe uliyemkosea. Aliyedhulumiwa akinung'unika, pumzi yake inakufuata ikiwa ya baridi. Sisi huku tunaijua. Nenda ukaseme ulilofanya. Naye achukue maji mdomoni, ayapulize chini, akuachie."

Erasto alicheka, meno yakigongana. Mwalimu wa baiolojia apone kwa maji ya kupuliza!

Ta-ta-ta-ta. Juu ya bati.

Hakucheka tena.

Siku ya nne, alasiri, aliteremka Lupepo akiburuta miguu kama mtu anayevuka mto. Alimweleza Loyce yote, pamoja na maneno ya bibi, macho chini. Loyce aliingia jikoni. Alichota maji kwa kikombe, akajaza mdomo, akayapuliza mbele ya miguu ya mwalimu.

"Nimekuachia."

Wakasubiri. Baridi ilikuwa kiunoni, haikusogea.

"Bado, dada Loyce."

"Mwalimu, nilisikia kwa watu, nikaumia, lakini sijakunung'unikia hata siku moja. Hata mume wangu sikumwambia."

"Basi ni nani?"

Loyce alitazama chini kwenye ziwa, ambako ukungu ulikuwa umelala juu ya maji.

"Korongo wenzake wameshapita wote," alinong'ona. "Yeye hajaondoka. Anasimama palepale, anaangalia njia ya Tukuyu... Yeye anamjua aliyemwona. Waambie watu wa grupu, mwalimu. Leo hii."

Erasto alirudi Bulyaga giza likiingia. Alikaa kitandani, hata viatu hakuvua, akaanza kuandika. *Ndugu zangu, yule korongo si wangu.* Baridi ikashuka mapajani. *Aliyemwona ni Loyce.* Ikashuka magotini. *Mimi nilimwibia, naomba mnisamehe.* Vidole vya miguu vikapata joto kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na machozi ya nafuu yakamtoka. Ilibaki kubonyeza tu.

Simu ikatetemeka.

Loyce alikuwa amepata bando. Ametuma picha ya ndege mdogo wa samawati ambaye Erasto hakumjua hata jina. Pongezi zikafuatana. "Loyce tena!" "Jicho la Rungwe!" Na mmoja, sijui kwa nini watu hawajui kunyamaza, akaandika: "Huyu ndiye angekuwa mwalimu."

Erasto alisoma mstari huo mara tatu. Kisha akaanza kufuta maneno yake, herufi moja baada ya nyingine, na kila herufi iliyofutika baridi ilipanda. Magoti. Kiuno. Tumbo.

Ujumbe mwingine ukaingia.

"Mwalimu Erasto, samahani, narudia kuangalia picha yako ya korongo. Huyu mtu aliye majini nyuma yake ni nani? Maji yamemfika kifuani."

Aliifungua picha. Ndege alikuwa palepale mbele, ila shingo ameigeuza nyuma. Anamtazama mtu. Mtu yule alivaa shati la mistari, lilelile ambalo Erasto alikuwa nalo mwilini wakati huo.

Nje ya dirisha kukawa kimya. Kimya cha kumsubiri mtu ajibu.

Angeweza kusema. Bado alikuwa na nafasi.

*Ni mimi,* akaandika. *Ilibidi niingie majini ili nimkaribie. Kazi hii haitaki uvivu.*

Makofi yakamiminika. "Huyo ndiye mtaalamu!" Hamsini... themanini... yakampita Loyce, yakazidi. Erasto aliyahesabu moja moja akitabasamu gizani, kidevu amekiinua juu, kwa sababu baridi ilikuwa imeshafika mdomoni.