Kitovu Ndani ya Shemine

Jua lilikuwa linashuka nilipomleta fundi Fiacre kwa moto, pikipiki ya kukodi, hadi kwetu mtaa wa Shari, yeye na mfuko wake wa simenti. Nyumba tunayopanga ni ya wakati wa Wabelgiji, na sebuleni kuna shemine, lile shimo la moto lenye bomba hadi juu ya paa. Hatujawahi kuliwasha. Popo wanashusha mavi humo, baridi inashuka humo, na Carine wangu, wakati huo mutoto wa miezi miwili, alikuwa anakohoa. Nilikuwa nimechoka kabisa. Nilitaka lizibwe siku hiyohiyo.

Fiacre aliuliza kama ndani kuna kitu chetu. Nikamwambia masizi tu, apige kazi. Mdomo wangu huu! Akapanga matofali, akasawazisha kwa mwiko, akaenda zake.

Carine akaacha kukohoa. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikasikia...

Hhh... hhh...

Pumzi. Haikutoka kitandani.

Ilitoka nyuma ya matofali.

Nikamkamata mutoto. Midomo ilikuwa ya kijivu, kifua kimesimama. Nikamsogeza karibu na ule ukuta, akavuta pumzi. Nikarudi nyuma hatua mbili, ikakatika. Landry, mume wangu, akatoka mbio kutafuta moto ya kutupeleka hospitali. Mimi, mgongo ukutani na mutoto kifuani, nikampigia mama mkwe wangu, Mama Immaculée, kule Bogoro. Nikamweleza yote.

"Mulifunga shemine?" akanong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Kitovu ya mutoto iko mule. Ni miye niliweka."

Kwao, kitovu kikianguka kinawekwa penye jiko la nyumba, mutoto apate kukaa, pumzi yake ishike hapo. Mimi napikia makala kwenye mbabula, jiko dogo la makaa la kubeba, uani, leo hapa, kesho pale. Basi alipokuja kunitazama nilipojifungua, akaona lile shimo la Wazungu, akasema jiko si ndilo hili. Hakuniambia. Alijua ningecheka, na kweli ningecheka.

"Bomoa, mama Carine. Mbio."

Nikatwaa mchi wa kutwangia majani ya sombe, uliokuwa umeegemea ukutani palepale. Nikapiga kwa mkono mmoja. Simenti ilikuwa bado mbichi, tofali la tatu likaanguka, na hewa ya vuguvugu yenye harufu ya masizi ikanipiga usoni. Carine akalia kwa sauti kubwa. Nikalia naye.

Nikaingiza mkono. Nikagusa kifurushi kidogo, nikakitoa.

Pembeni yake kulikuwa na kingine.

Kitenge kilekile. Fundo lilelile. Nikaokota simu, nikamuuliza mama aliweka vingapi.

"Kimoja," akasema polepole. "Mutoto iko mumoja."

Miezi minne imepita. Shimo liko wazi, na vifurushi vyote viwili nimevirudisha humo. Landry alipata nyumba nyingine, nzuri, na Mama Immaculée anasema tuhame, tubebe cha Carine tu, kile kingine tusikiguse. Sawa. Cha Carine ni kipi? Nimevifungua vyote viwili mchana kweupe, vinafanana. Wengine wananishauri nijaribu kuondoka na kimoja. Nijaribu kwa pumzi ya nani? Ninaogopa, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo tungali hapa. Jana jioni nilimnyonyesha Carine ziwa la kulia mpaka likaisha. Bado alikuwa na njaa, nikamhamishia la kushoto, ambalo hakuwa amelionja tangu asubuhi.

Lilikuwa limenyonywa tayari.