Aliyetangulia Kwenye Foleni

Mwanzoni huduma ilichelewa kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu huku akili yake iko kwingine. Sabina alibonyeza, akangoja, jibu likaja. Akajisemea ni ukungu. Huko juu ya Nkoaranga ukungu hulaumiwa kwa kila kitu: nguo zisizokauka, watoto wanaokohoa, mtandao unaokatika.

Lakini huduma ile haikutegemea mtandao wa nje. Sabina mwenyewe aliitengeneza hivyo. Seva ilikaa kwenye kichumba nyuma ya zahanati, na mnara mdogo juu ya paa ulifikisha mawimbi mpaka migomba ya mwisho kabla ya msitu. Mama akishikwa na uchungu, mtu wa nyumbani anafungua ukurasa kwenye simu, anaandika jina na kitongoji, na kabla hajaiweka simu chini anaona maneno: Gari linakuja. Papo hapo simu ya dereva inalia. Kazi ya huduma ilikuwa hiyo tu, na Sabina aliionea fahari kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya wenzake wa kwaya.

Mdogo wake, Eunike, alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Aliishi kwa mumewe kule juu, na mume mwenyewe alifanya kazi mbali. Eunike alitaka kuteremka akae kwa shangazi yao huko Njiro mpaka ajifungue. Sabina ndiye aliyemkataza.

"Ya nini kujihangaisha na kukaa kwenye nyumba ya watu? Wewe andika tu. Gari litakuwa mlangoni kabla hujafunga kanga."

Sasa jibu lilikuwa linachukua muda wa chai kupoa kikombeni.

"Dada Sabina, hiyo seva yako ina mimba nini?" Anneth, nesi wa zamu, alimtania. "Mbona imekuwa nzito hivyo?"

Sabina hakucheka. Alijifungia kichumbani na kompyuta yake, akaanza kutafuta muda unapopotelea, kama mtu anayetafuta bomba linalovuja. Alipima njia kutoka mnarani: nzima. Akapima kumbukumbu ya mashine: ilikuwa na nafasi tele. Akaangalia diski, akafuta vumbi kwenye feni, akazima kila kitu na kuwasha upya. Mashine ilipopata ombi, ilijibu kwa kufumba na kufumbua. Muda ulipotea kabla ya hapo, mlangoni. Kila ombi lilifika, likasimama, likangoja kitu kilichokuwa mbele yake.

Foleni kwenye skrini ilionyesha kuna ombi moja linangoja. Halikuwa na jina wala kitongoji. Sabina akalifuta. Foleni ikawa tupu. Aliponyoosha mkono kuchukua kikombe chake, lilikuwa limerudi.

Ndipo alipoisikia harufu. Ilikuwa ya shuka la sufu lililolowa mvua, na chini yake harufu nyingine ambayo mwanamke yeyote aliyezaa anaijua. Na nyuma ya mlio wa feni kulikuwa na pumzi, nzito, ya mtu aliyetembea mteremko mrefu kwa maumivu.

"Bado?" sauti ya mwanamke iliuliza, taratibu, kama wanavyouliza wote wanaongoja.

Sabina alitoka bila kufunga mlango. Alimwambia Anneth amesikia joto.

Gari nalo likaanza kusumbua. Lesian, dereva, kijana wa Kiarusha aliyejua kila jiwe la barabara ile, alikuwa akiondoka vizuri, lakini akifika kona ya kiwanja cha zahanati injini inanyamaza. Hapo atabaki mpaka gari lenyewe lipende kuwaka. Mama mmoja alijifungulia njiani, kwenye majani makavu ya migomba. Watu wakaanza kumtazama Lesian kwa jicho baya. Mama muuza maandazi getini akawa anafunika beseni anapopita.

Kisha akaja Bibi Elinipa, ambaye ukoo wake ulitoa kile kiwanja. Alimkuta Daktari Aristides, mkuu wa zahanati, na wafanyakazi wote barazani.

"Shikamoo, bibi," walisema.

"Marahaba. Nani amekata masale yangu?"

Alinyoosha kidole kuelekea kona ya kiwanja.

"Pale kwenye kona amelala wifi yangu, Namnyaki. Aliolewa huku kutoka Oldonyosambu. Uchungu ulimshika mvua ikinyesha. Walimweka kwenye machela, wakafika pale, wanaume wakasema tungoje mvua ipungue. Yeye akawa anauliza tu, bado? Bado? Alifia pale, na mtoto tumboni. Kaka yangu akamzika palepale, akapanda masale, akatoa ardhi yote iliyobaki ili asingoje mwingine. Sasa nauliza. Nani amekata?"

Macho yote yalimgeukia Lesian. Yeye ndiye aliyeonekana na panga siku mtaro wa waya mpya wa seva ulipochimbwa.

Lesian alimtazama Sabina. Sabina aliitazama simu yake.

Alikumbuka vizuri. Wingu lilikuwa linashuka, mwanawe Yona alikuwa na homa nyumbani, na waya ulikuwa unatosha kwa njia ya mkato tu. Lesian alikuwa amesimama mbele ya kile kichaka na panga limeshuka chini. "Mama Yona, haya si masale? Tuzunguke." Naye akamjibu, "Kata bwana. Ni jani tu." Yeye, Mmeru, aliyelelewa kwenye mteremko huu. Alijua isale halipandwi kwa urembo. Alijua linaweka mpaka, linalinda kaburi, na ukilipeleka mikononi mwa uliyemkosea hawezi kukufukuza. Alijua yote hayo, akasema ni jani.

"Lesian, tutaongea," Daktari alisema.

"Sawa, Daktari," Lesian akasema. Hakuongeza neno. Hilo lilimchoma Sabina kuliko kama angemtaja.

Hakulala vizuri tena. Akikoroga uji asubuhi aliona haya hata mbele ya mwanawe. Alijua dawa yake, na dawa ilikuwa kusimama mbele ya watu na kusema, na alitafuta kila njia nyingine duniani kabla ya hiyo. Alibadilisha waya. Alifunga kifaa kipya. Aliiambia mashine ipuuze ombi lolote lisilo na jina, nayo ikapuuza yote, yenye majina na yasiyo na majina, mpaka akairudisha ilivyokuwa.

Anneth alimvuta pembeni akamnong'oneza, "Dada, ni jini lile. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani anasema kuna mwanamke anapita nje ameshika kiuno. Anapita, anapita. Hafiki."

Daktari Aristides, mzee wa kanisa, akaleta mganga kutoka Sakina kwa siri, kwa mlango wa nyuma. Mganga akaingia kichumbani na ubani na kuku mweusi, akafunga mlango. Hawakusikia kelele yoyote. Alipotoka uso wake ulikuwa umepauka.

"Jini la kufukuza nalijua. Linatukana, linavunja vitu. Huyu ametulia. Anangoja zamu yake. Nitamfukuzaje mtu aliye kwenye foleni?"

Akaondoka. Hata kuku wake alimwacha.

Ilikuwa mchana wa kliniki, baraza limejaa wajawazito, wakati ukungu uliposhuka wote kwa mara moja mpaka mnara juu ya paa ukapotea. Sabina alikuwa mbele ya skrini. Ombi likafika. Eunike. Kitongoji cha juu. Likasimama.

Alipiga simu ya mdogo wake akasikia pumzi, na hakuweza kujua ni za Eunike au za yule mwingine, maana zilikuwa na uchungu uleule, akatoka mbio mpaka uani akamkuta Lesian, akamwambia nenda, nenda kwa Eunike, na Lesian akaruka kwenye gari bila kuuliza, likawaka, likatembea, na pale kwenye kona likanyamaza kama mnyama aliyesimamishwa kwa mkono, na kutoka kichumbani, ambako mlango ulikuwa umebaki wazi, harufu ya sufu mbichi ikatoka ikapita katikati ya wajawazito waliokaa kwenye mabenchi, mmoja mmoja wakashika matumbo yao, na Sabina akasikia karibu na sikio lake, karibu kiasi cha kuhisi unyevu wake, sauti ile isiyo na hasira yoyote ikiuliza, "Bado?"

Masale yaliyokatwa yalikuwa yametupwa kando ya ua. Hayakuwa yamekufa, isale halifi upesi. Vishina vilikuwa vimechipua pale pale kwenye takataka. Sabina alivunja jani, akalipiga fundo, akarudi nalo akiwa amelishika kwa mikono miwili. Njia ilikuwa moja tu, mbele ya baraza, mbele ya mabenchi yote. Wanawake waliliona jani mkononi mwake na wakaelewa kabla hajafungua mdomo. Mama wa maandazi alisimama. Daktari Aristides alitokea mlangoni.

Lesian alikuwa ameinamia injini. Alipogeuka, Sabina alikuwa amepiga magoti kwenye tope.

"Ni mimi niliyesema yakatwe," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia kwa nguvu ili wa nyuma wasikie. "Lesian alinikataza. Mimi ndiye niliyesema ni jani tu. Halafu nikakuacha ubebe. Nisamehe."

Mtu mmoja barazani akasema, "Haki ya Mungu, na anavyosimama mbele kwenye kwaya!" Sabina alihisi masikio yanawaka moto. Hakuinua uso.

"Ningekuwa na jeuri ya kukataa isale, ningelikataa," Lesian alisema. Alilipokea. "Nimefunikiwa maandazi mpaka nimekonda, Mama Yona. Inuka. Mdogo wako anangoja."

"Kuna anayengoja kabla yake."

Lesian alimwangalia, kisha akaitazama kona. Alielewa. Akaenda nyuma ya gari, akafungua milango yote miwili, akaweka lile jani juu ya kitanda.

Sabina alisimama pembeni ya mtaro, pale masale yalipokatwa.

"Namnyaki," alisema. "Gari limekuja. Karibu upande."

Hakuna kilichoonekana. Lakini majani ya pembeni yalilala, moja baada ya jingine, na gari likabonyea upande wa nyuma, polepole, kama linavyobonyea akipanda mama mzito aliyeshikwa mkono. Lesian alifunga milango kwa upole. Injini ikawaka kabla hajafika kwenye usukani. Na mfukoni mwa gauni la Sabina simu ililia, nakala ya jibu la ombi la Eunike: Gari linakuja.

Eunike alifikishwa hospitali, akajifungua mtoto wa kike, wote salama. Sabina aliyapanda masale upya kwa mikono yake, watu wakimwangalia. Tangu siku hiyo foleni ni tupu. Huduma inajibu upesi kuliko alivyowahi kuitengeneza ijibu, na katika akina mama wote waliobebwa na gari lile hakuna hata mmoja aliyepotea.

Ila Lesian anasema gari halijainuka. Siku ile alifungua milango ya nyuma pale hospitali, Eunike akateremka, na gari likabaki limebonyea. Amebadilisha springi. Bado limebonyea.

Eunike ndiye aliyeleta salamu za kwanza, akiwa bado kitandani na mtoto kifuani.

"Dada, yule nesi wa kwenye gari ana mkono baridi! Lakini ni mwema. Alinishika njia nzima. Anakusalimu sana."

Kwenye gari hakuna nesi. Hajawahi kuwepo.

"Amesemaje?" Sabina aliuliza.

"Alisema nikuambie, ni jani tu. Ndiyo nini hiyo?"

Na kila mama anayerudi na mtoto mgongoni hupitia kichumbani kwa Sabina kutoa shukrani, na kila mmoja, akishafika mlangoni kuondoka, hukumbuka kitu, akageuka akitabasamu. Sabina huwa ameshainamisha uso.

"Zimefika," husema. "Salamu zimefika."