Mashahidi Ambao Hawakupandwa

Jumanne ya pili ya mwezi wa nne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Kidole alitoka uani na kikombe cha kumwagilia akakuta miche yote tisa imelala chini.

Majani yalikuwa yamejikunja na kingo zake zimekuwa za kahawia, kana kwamba mtu amepita na njiti ya kiberiti akiyachoma moja moja. Kidole aliinama, akainua mche wa kwanza kwa ncha ya kucha. Ulilegea kama uzi uliolowa. Wa pili nao vivyo hivyo. Hakuwa na haja ya kugusa wa tatu.

Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake, mswaki mdomoni. Aliutoa polepole.

"Juzi nimeihamisha ikiwa mizima," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Jana jioni ilikuwa mizima."

"Ndiyo, baba."

Baba aliendelea kuitazama miche. Povu la dawa ya meno lilimtiririka kidevuni na hakulifuta.

Kidole si jina aliloandikiwa shuleni. Ni mama yake aliyembandika, kwa sababu tangu anatambaa hakuona kitu asikichome kidole: uji, tope, pua ya paka. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama hakuwepo tena. Aliugua siku tatu. Walipomfikisha zahanati, waliambiwa daktari yuko kwenye semina. Semina iliisha Ijumaa. Mama aliisha Alhamisi.

Alichoacha mama ni chupa ndogo ya dawa iliyojaa mbegu za nyanya. Nyanya zake hazikuwa kama hizi za sokoni zilizo laini kama mpira. Zilikuwa na mikunjo mbavuni, kama viboga vidogo, na mbegu zake alipewa na mama yake mzazi. Mwaka wa kwanza baada ya msiba, baba hakuwa na moyo wa kupanda chochote. Mwaka wa pili panya waliiangusha chupa ikavunjika, wakala walichokula. Zikabaki mbegu kumi na moja. Baba alizisia zote kwenye sinia la mchanga, zikaota tisa. Hiyo tisa ndiyo iliyokuwa imelala pale chini asubuhi ile.

Baba yake alijulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi Udongo. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne tu, lakini wenye bustani na wauza maua hawakununua udongo wa kupandia kwa mtu mwingine. Uani kwake palikuwa na malundo chini ya magunia: udongo mwekundu, mchanga wa mtoni, mboji ya majani makavu na maganda ya jikoni, samadi ya kuku, na vumbi la mkaa. Katikati alisimamisha chekeche alilolitengeneza kwa fremu ya kitanda kibovu na wavu wa waya. Madebe mawili ya udongo, debe moja la mboji, nusu debe la mchanga, kopo la samadi iliyokomaa, vumbi la mkaa kidogo. Kisha aliukamata udongo kiganjani akaubana. Ukichuruzika maji, umelowa mno. Ukimwagika kama unga, hauna mboji ya kutosha. Ukishikamana kama andazi na kupasuka ukiguswa, hapo alitabasamu.

Hata hivyo hakuuza udongo siku hiyo hiyo aliouchanganya. Alijaza kopo moja udongo mpya na kopo la pili udongo wa zamani aliouamini, akapanda maharage saba katika kila kopo. Maharage hayo aliyaita mashahidi. Baada ya siku nane aliyalinganisha. Yakiota sawa, gunia linatoka. Yakiota manjano au yakikataa, lundo linarudi kulala.

"Mwanadamu atakudanganya hivi hivi, huku anakuchekea," alizoea kumwambia bintiye. "Harage halina sababu ya kukudanganya. Halitafuti cheo."

Sasa, mambo yaliharibikaje?

Yalianza kwa mwalimu mkuu. Siku ya Ijumaa, siku kumi na moja kabla ya Jumanne ile, alisimama mstarini akatangaza kwamba mgeni mkubwa anakuja kukagua shule, na kila darasa linatakiwa kuwa na makopo arobaini ya maua mlangoni. Kidole alikuwa kiongozi wa bustani wa darasa lake. Jioni ile mwalimu mkuu alifika mwenyewe nyumbani kwao, viatu vinang'aa, akasimama mbali na malundo.

"Mboji iliyokomaa inatosha makopo kama kumi, mwalimu," baba alimwambia. "Hiyo nyingine bado imelala. Samadi ile imeletwa wiki iliyopita, ni moto bado, itachoma mizizi."

"Mzee wangu, udongo ni udongo."

"Na unga ni unga, mwalimu. Leo usipike, ulambe hivyo hivyo, kesho uje unieleze tumbo limesemaje."

Mwalimu mkuu alicheka kidogo, akatazama saa yake, akasema makopo arobaini ni arobaini. Wakubwa ndivyo walivyo. Wakishataja hesabu, kazi yao imekwisha.

Kesho yake, Jumamosi, baba aliitwa kupanda nyasi kwenye bustani ya hospitali kubwa, kazi ya siku nane, na kulala huko huko. Shangazi angekuja kulala na Kidole. Mlangoni baba alimshika bega.

"Tumia mboji iliyokomaa. Ikiisha, imeisha. Mwambie mwalimu wako imeisha. Na unipandie mashahidi leo leo, maana nikirudi nahamisha nyanya za mama yako kwenye udongo huo huo. Umesikia, Kidole?"

"Nimesikia, baba."

Alisikia kweli. Alichanganya vizuri mpaka kopo la tisa. Hapo mboji ikaisha, na ukutani akatokea Mapengo, mvulana wa darasa lake aliyeng'oka meno mawili ya mbele na asiyejua kunyamaza.

"Makopo tisa tu? Mtoto wa Fundi Udongo? Darasa la jirani wana thelathini tayari! Kumbe udongo wenyewe mnaazima!"

"Toka hapo, mdomo usio na mlango!"

Mapengo alishuka akicheka, lakini maneno yake yalibaki juu ya ukuta. Kidole alilitazama lundo la samadi chini ya gunia. Alipolifunua, harufu ilimpanda puani mpaka machozi yakamtoka. Angechoma kidole chake humo, kama alivyochoma kila kitu maishani mwake, angehisi joto. Siku hiyo hakukichoma. Alichukua beleshi, akatia debe zima, akakoroga haraka haraka kama mtu anayeficha kitu. Makopo arobaini yalijaa yakapelekwa shuleni, na lundo dogo likabaki uani kwa ajili ya nyanya.

Na mashahidi? Jumamosi alichoka. Jumapili alisahau. Jumatatu alikumbuka akiwa kitandani, akasema kesho. Jumatano alihesabu akaona siku nane hazitatimia kabla baba hajarudi, akaanza kupita kando ya yale makopo mawili matupu bila kuyatazama.

Baba alirudi Jumapili mchana, mgongo umempinda, akauliza kabla hajavua viatu:

"Mashahidi wamesemaje?"

"Wameota wote, baba. Nimeshawang'oa."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Hii ilikuwa fupi kuliko zote: kutoka mlangoni mpaka uani. Jioni ile ile baba alipiga magoti, akahamisha mche mmoja mmoja kwenye kopo lake kwa kijiko cha chai, akiusemesha kana kwamba mama anasikia. Kidole alishika taa ya mkononi.

Ndiyo maana Jumanne ile, Kidole alijua. Baba hakujua, akaanza kutafuta mwenye kosa. Hakuwa na kawaida ya kutafuta mbali.

"Ni maji!" alisema ghafla. "Ni hawa wa ofisi ya maji. Wanatia dawa bombani bila kipimo! Bili wanajua kuleta, dawa hawajui kupima. Beba kopo hilo, twende. Shule utachelewa, nitasema na mwalimu mwenyewe."

"Baba..."

"Beba, mama."

Kidole alibeba. Barabara nzima alilikumbatia lile kopo, mche uliokufa ukimgusa kidevu. Mara tatu alifungua mdomo, na mara tatu baba alitangulia kusema: habari za bomba, habari za zahanati, habari za semina. Kila mkubwa aliyewahi kumkosea alipata zamu yake.

Ofisi ya maji ilikuwa na foleni mpaka mlangoni. Walisimama saa nzima. Karani nyuma ya dirisha alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni. Baba aliweka kopo mbele yake.

"Hii ndiyo kazi ya dawa yenu."

Karani aliinua shingo, akachungulia, akageukia wenzake. "Jamani, mzee katuletea maiti ya mchicha! Tumpe cheti cha kifo?"

Ofisi iliangua kicheko. Hata watu wa foleni walicheka, wale ambao maji yao yalikuwa yamekatwa pia.

Baba hakucheka na hakugomba. Hilo ndilo lililomwumiza Kidole, maana alimjua baba yake kwa kugomba. Alilivuta lile kopo karibu na kifua chake, akasema kwa sauti ya chini: "Si mchicha. Ni nyanya ya mke wangu."

Kicheko kilikatika. Karani akaitoa kalamu sikioni, hajui pa kuiweka.

"Baba, si maji," alisema Kidole.

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

"Si maji, baba! Ni mimi. Nilitia samadi mbichi. Na mashahidi... sikuwapanda. Nilikudanganya."

Baba alimtazama. Kisha akamgeukia karani. "Niwie radhi, kijana," alisema. Kuomba radhi kwenye ofisi ya serikali ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na njiani alitembea kama mtu aliyeongezewa miaka.

Nyumbani hawakwenda. Walikwenda shuleni moja kwa moja. Kidole alisimama mbele ya mwalimu mkuu, baba akiwa mlangoni, akaeleza yote mwenyewe. Maua yalikuwa yapandwe kesho yake.

"Sasa unaniambia nini? Mgeni ni Ijumaa!" alifoka mwalimu mkuu.

"Nakuambia thelathini na moja yamwagwe, mwalimu. Tisa ni mazima."

Mwalimu mkuu alimtazama baba, labda akitegemea kupewa udongo mwingine. Baba alisema, "Umemsikia. Tisa." Basi.

Mchana ule darasa zima lilimwaga makopo. Mapengo aliziba pua akasema yeye si wa kumwaga choo cha kuku, kisha akamwaga mengi kuliko wote. Maua yakapandwa katika makopo tisa na yote yakashika. Na ule udongo mbichi ulirudishwa uani kwa toroli, ukafunikwa gunia ulale miezi yake miwili. Ijumaa wanafunzi walisimama juani tangu saa mbili. Saa nane wakaambiwa mgeni amepata udhuru. Mpaka leo hajaja, na hakuna aliyesema pole.

Jioni ya Jumanne ile baba alimwita Kidole kwenye lile lundo la udongo mbichi.

"Choma kidole."

Kidole alikichoma, akakitoa mara moja. Palikuwa moto kama sufuria ya chai.

"Na mimi nilikuwa na mkono," baba alisema. "Ningeugusa udongo ule Jumapili vizuri, ningejua. Nilikuamini, nikatumia kijiko." Alikaa juu ya debe lililopinduliwa. "Sikiliza, mama. Mwalimu mkuu ana kosa lake, na mimi simsamehei leo. Ofisi ya maji ina lake, ila si hili. Lakini kosa la mkubwa halifuti la mdogo. Kusahau nimekusamehe. Kusahau kulitunyima mashahidi tu. Ungeniambia 'baba, nimesahau', ningegomba dakika tano, tungepanda maharage, tungengoja siku nane, na nyanya zingekuwa kwenye sinia lake zinatungoja. Kilichoiua miche ni lile neno moja, 'wameota'. Kosa ukilisema mapema linakuwa kazi ya kurekebisha. Ukilificha, atakuja kulipa mtu ambaye hakuwepo."

Kidole alilia. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Kwake yalikuja upesi kama mtoto wa kwanza, na hayajaondoka.

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayepanda mashahidi, na huandika tarehe kwenye kopo kwa mkaa. Baba akiuliza, hajibu kwa mdomo. Huleta makopo mawili, akayaweka mbele yake.

Mwezi ulipopita, pembeni mwa lundo la zamani kabisa, pale ambapo mama alizoea kumwaga maganda ya jikoni, kilichomoza kimche. Hakuna aliyekipanda. Kilikuwa na majani ya nyanya. Baba alikizungushia vijiti. Lakini pale pale, tangu msiba, yeye mwenyewe amekuwa akitupa nyanya za sokoni zilizooza.

Sasa mche umefika kiunoni mwa Kidole. Una tunda moja, kubwa kama harage, la kijani, laini bado. Mikunjo, kama ipo, haijaanza kuonekana. Kila asubuhi kabla ya shule baba na binti huinama hapo pamoja, chai ikipoa ndani, na kila asubuhi Kidole huuliza lile lile.

"Baba, huu ni wa mama, au ni wa sokoni?"