Hapo Palipokwaruzwa

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa ya nywele mbichi, kama za mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, ndani ya studio isiyo na bomba wala ndoo. Fundi akanusa, akalilaumu zulia, akaendelea na kazi.

Watu walimwita Kiraka, maana hapakuwa na picha iliyochanika akashindwa kuitengeneza. Siku hizi hata hakutoka jasho: alipaka brashi ya kompyuta juu ya tundu, akili mnemba ikajaza yenyewe, shavu likapata shavu, ukuta ukapata ukuta. Asubuhi ile mjane mmoja alikuwa amemletea picha ya zamani ya ndugu wanne mbele ya mlango. Kati yao alisimama wa tano, uso wake umekwaruzwa kwa sindano hadi karatasi imetoka nyuzi.

"Nitolee mikunjo tu, mwanangu," mjane alimwambia. "Hapo palipokwaruzwa paache."

Lakini fundi na sifa! Arudishe picha yenye kidonda, watu wasemeje? Akapaka, akabonyeza. Akatokea mwanamke wa nywele zinazochuruzika maji, na wale ndugu wanne, ambao miaka yote walitazama mbele, sasa walikuwa wakimtazama yeye.

Tangu hapo kila tundu alilojaza lilimleta. Nyuma ya bibi harusi, yumo. Kwenye picha ya kitambulisho ya mzee wa watu, yumo. Akimfuta, anarudi karibu zaidi. Hatimaye Kiraka alijaza pembe iliyochanika ya picha ya binti yake, mtoto wa pekee aliyemlea bila mama, na mkono uliolowa ukatokea begani kwa mtoto. Hapo aliogopa kweli. Akampigia mjane.

Mjane alikuja mchana huohuo na mganga.

"Nilikuambia nini?" alinong'ona. "Siku ile tulisimama wanne. Huyo wa tano ni jini. Alitutokea pichani kwanza, kisha akamchukua mdogo wetu."

"Alikuwa amefungwa, wewe umempa macho," mganga akasema. "Ichapishe ile picha ya ndugu, umkwaruze uso kwa mkono wako mwenyewe. Uone utakachoona, usikie utakachosikia, usiache."

Picha ikatoka mashineni polepole, na Kiraka, sindano i tayari mkononi, aliona kwamba uso wa mwanamke haukuwa tena wa mwanamke, ulikuwa wa mtoto, wenye kishimo shavuni na pengo la jino alilomng'oa yeye mwenyewe wiki iliyopita, na kabla ncha haijagusa karatasi akasikia pembeni yake sauti anayoijua kuliko zote duniani.

"Baba, usinikwaruze. Itauma."

Binti yake alikuwa amesimama pale, na sare za shule.

"Usimtazame!" mjane akalia.

Mzazi gani angeweza? Sindano ikamponyoka. Akamnyanyua mtoto, akamweka mgongoni, akatoka mbio huku mganga akimwita, akavuka barabara, akavuka soko, hakusimama hadi pumzi zilipomwishia. Ndipo simu ikaita.

"Baba yake, mbona leo umechelewa?" Ilikuwa sauti ya mwalimu. "Wenzake wote wamechukuliwa. Nimekaa naye hapa getini, analia."

Mikono midogo ikamkaza shingoni.

"Mwambie umeshanichukua, baba."