Chumvi Bila Moshi

Kila kiangazi watu wa Ivuna walipika chumvi. Loisi aliianza kazi hiyo angali mdogo, akimfuata mama yake. Walikwangua udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji, kisha wakayachemsha maji yale mpaka chumvi ikabaki chunguni. Raha iliyoje siku zile! Kuni zilikuwa hapo hapo. Wanawake waliimba, moshi ukawatoa machozi, wakacheka. Jioni mama aliangusha ukwaju kwenye mti wake kando ya jiko, akapika uji, akautia chembe za chumvi mpya. Utamu ule Loisi hakuusahau.

Lakini kufikia mwaka 2003 pori lilikuwa limekwisha. Kuni zilifuatwa mbali mno. Mti mkubwa uliosalia karibu ni mkwaju ule ule wa mama.

Asubuhi moja Ezron, mumewe, alikuja na shoka begani.

"Mama Mercy, tufanyeje? Maji ya chumvi tumeshachuja, kuni hatuna. Tukate huu."

Loisi alisimama mbele ya mti. "Mti wa mama?"

"Mama hayupo. Watoto wapo, na wanataka kula."

Loisi alifoka, "Wafugaji ndio waliomaliza pori!"

Hamis alicheka. Huyu ni mnunuzi wa chumvi kutoka Tunduma, amekuja kuchukua mzigo. Kwao hasa ni Kilwa, na mdomo wake hauna breki.

"Loo! Na mlima huu wa jivu, ni wa wafugaji?"

Loisi alilitazama jivu. Lilikuwa lake, na la mama yake pia. Hilo lilimuuma zaidi.

"Jiko langu ni moja tu," alisema.

"Kila mwenye jiko anasema hivyo hivyo. Sikiliza, mama Mercy. Mti huvuta hewa iitwayo ukaa na kuihifadhi. Ukiuchoma, hewa ile hurudi angani, na dunia huzidi joto. Joto likizidi, mvua nazo huvurugika. Si mwaka jana mlipanda mahindi, yakakauka, mkapanda tena?"

"Kweli," alikubali Ezron.

"Viwanda vya wakubwa vinachafua zaidi, sikatai. Lakini shoka hili ni la nani?"

Ezron akaliteremsha. "Sasa chumvi tutaipikaje?"

"Msiipike! Kwetu tunaianika. Chimbeni kibwawa kisicho na kina, tandikeni nailoni, mwageni maji ya chumvi. Jua hili linalotutoa jasho bure, nalo lifanye kazi!"

Walijaribu. Majirani wakamtania: "Loisi anaanika maji kama mpunga!" Naye alikaa kando ya kibwawa akiukumbuka moshi, nyimbo na mama, na upweke ukamshika. Kisha siku moja maji yakaisha, weupe ukabaki. Chumvi safi, haina jivu! Hamis aliichukua yote. Waliomcheka wakaja kuuliza nailoni inauzwa wapi.

Kiangazi kilichofuata wengi walianika. Wanawake walikwangua chumvi pamoja, na nyimbo zikarudi. Jioni Loisi aliangusha ukwaju. Mbegu alizipanda kando ya jivu la zamani. Akapika uji, akautia chembe za chumvi ya jua, akaonja huku amefumba macho.

"Vipi?" Ezron aliuliza.

"Ni ule ule wa mama," alisema. Machozi yalimtoka, na moshi haukuwepo.