Sauti ya Marehemu Kwenye Ramani

Fina aliivua hedifoni akaitupa ukutani. Ikapasuka vipande viwili.

"Fina! Umepatwa na nini?" Thobias aliruka kutoka kwenye kiti chake, kahawa ikamwagikia suruali.

"Huyu mtu ulimrekodi wapi?"

"Mtu gani?"

"Huyu! Nukta ya Nunukan! Anayejiita Markus!"

"Aaa, Markus. Kwenye vibanda vya mwani, mwaka jana. Ndiye mtu pekee aliyejua Kitaruli kule kote. Mcheshi sana yule. Kwani ametukana?"

Fina alicheka, kicheko cha mtu aliyetiwa kisu.

"Kaka Thobi, huyo ni mume wangu."

"Mume wako si alikufa?"

"Alikufa, ndiyo. Na kaburi lake nimelipalilia kwa mikono hii."

Ofisi yao ilikuwa Kupang, chumba kimoja chenye feni mbovu. Walikuwa wakitengeneza atlasi ya mtandaoni ya lugha zote za Indonesia, mia saba na ushee. Kila mahali lugha iliporekodiwa pana nukta kwenye ramani. Ukiibonyeza, unamsikia mtu akiongea. Lugha nyingi zilishapata watu wa kuzisikiliza na kuziandika. Kitaruli, lugha ya kijiji kimoja tu kisiwani Alor, watu hawafiki mia nne, ilikaa kabatini mpaka Fina alipoajiriwa miezi sita iliyopita. Humo ofisini ndimo alimokutana na Thobias, kijana wa kisiwa cha Rote mwenye maneno machache na moyo mweupe, wakapendana.

Wenye kurekodi wana mbinu yao. Wakimaliza kuuliza maneno, jicho, maji, moto, wanamwambia mtu: "Tusimulie siku uliyokaribia kufa." Hapo mtu husahau kwamba yuko mbele ya kinasa sauti, akaongea kama yuko nyumbani kwake. Thobias alimuuliza Markus swali hilo, akakaa anatabasamu na kutikisa kichwa bila kuelewa hata neno moja.

"Washa spika," Fina alisema. "Nikutafsirie ulichokuwa unakichekea."

Sauti nzito ikajaa chumbani. Fina akaifuata, neno kwa neno.

"'Shemeji yangu alinijia ufukweni na panga. Akanikata hapa begani, nikaanguka kutoka mwambani. Damu ilitapakaa majini, nikajua papa wanakuja. Nikaogelea mpaka kwenye meli ya wavuvi, wakanichukua, sikurudi tena. Nasikia jamaa amefungwa miaka kumi na moja kwa kuniua.' Hapo anacheka. Unamsikia? Anasema, 'Yeye alinipiga mara moja. Mimi nampiga miaka kumi na moja. Bingwa nani?'"

Thobias alikaa chini taratibu.

"Na mimi nikamwambia asante. Nikampa na sukari."

Jamaa aliyefungwa ni Obaja, kaka wa pekee wa Fina. Mesakh, mume wa Fina, alikuwa na mkono mwepesi. Siku moja alimpiga Fina kwa kuni, mimba ikiwa ya miezi mitano. Mtoto akatoka. Obaja alipoambiwa alichukua panga akaenda. Panga lilikutwa na damu, Mesakh hakuonekana, na Obaja mbele ya hakimu alikiri kwamba alikata. Nani angeuliza zaidi? Siku ya hukumu mama yake Mesakh, Mama Orpa, alikuja na wanawake wa ukoo, wakaichoma moto nyumba ya Fina na kumburuta kwa nywele hadi barabarani. Akakimbilia Kupang na kanga aliyovaa tu.

Aibu yake kubwa, ambayo hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba alimlilia Mesakh. Mtu aliyemuua mtoto wake tumboni, naye alimlilia!

"Twende polisi," Thobias alisema.

"Tukawaambie nini? Tuna sauti ya mtu anayeitwa Markus, kwa lugha ambayo hakuna polisi anayeijua, na aliyeitafsiri ni dada wa mfungwa. Watatucheka."

"Basi tumwandikie wakili, tusubiri..."

"Tusubiri nini, Thobi? Wiki jana Obaja amechomwa mbavuni na binamu yake Mesakh, humo humo gerezani. Mswaki ulionolewa! Wamemshona nyuzi kumi na tisa. Akichomwa tena, nitaenda kumtoa na jeneza." Fina akafuta uso. "Nakwenda Nunukan."

"Peke yako?"

"Umeniona na jeshi?"

"Tunakwenda," Thobias alisema.

* * *

Walikaa melini siku nyingi kiasi kwamba hata ardhi ya kisiwa cha Nunukan ilikuwa bado inawayumbia. Polisi waliyempata, Koplo Rusdi, alikubali kufuatana nao kwa shingo upande.

"Nawaambia mapema, mimi nasikiliza tu," alisema. "Kama ni ugomvi wa mapenzi, mtamalizana wenyewe."

Kwenye kibanda cha mwani wanawake walikuwa chini, kila mmoja na kamba yake, wanafunga mbegu za mwani. Kati yao alikuwamo mmoja mwenye jicho lililovimba na kuwa jeusi. Fina alilitazama jicho lile akamjua aliyelipiga kabla hata hajamwona.

Alikuwa pembeni, amekaa juu ya gunia, anakula ndizi za kukaanga.

"Mesakh."

Hakugeuka. Ila taya liliacha kutafuna.

"Umekosea mtu, dada. Mimi Markus. Karibu ndizi."

"Vua shati tuone bega."

"Koplo, huyu mwanamke ana wazimu?" Akatoa kitambulisho. "Soma mwenyewe. Markus, mzaliwa wa Flores. Kovu la begani ninalo, ni la kamba ya boti. Nani hapa hana kovu?"

Koplo alisoma, akageuza, akasoma tena.

"Kweli, kimeandikwa Markus."

Mesakh akasimama, akamsogelea Fina akitabasamu, kama anayemwonea huruma. Akamnong'oneza kwa Kitaruli:

"Ondoka. La sivyo nitaimalizia ile kazi niliyoianza tumboni mwako."

Fina alimpiga kofi lililosikika kibanda kizima. Mesakh akarudisha kwa ngumi. Fina akaanguka juu ya mwani, akapigwa teke la ubavu, akapigwa la pili. Thobias alijitupa katikati. Mesakh akachomoa mti wa kufungia kamba akauteremsha kwa nguvu zote, na Thobias akaukinga kwa mkono wa kushoto. Mfupa ukalia kama kuni kavu.

"Acha! Acha nasema!" Koplo alimrukia Mesakh shingoni, wanaume watatu wakamsaidia kumlaza.

Yule mwanamke mwenye jicho jeusi alikuwa amesimama, kamba bado mkononi. Jina lake Resi, na alikuwa mke wa Markus mwaka wa pili sasa.

"Markus, huyu ni nani?"

"Simjui! Nimekwambia simjui!"

"Mbona unampiga kama unavyonipiga mimi?"

Koplo Rusdi alikuwa anahema.

"Haya. Kwa kuvunja mkono wa mtu nitamweka ndani. Lakini atakaa ndani kama Markus, na wa kwenu huko Alor atabaki muuaji. Dada, kama una ushahidi wa jina, nipe sasa."

Fina alikaa chini, damu ikimtoka puani, akafikiri. Alikuwepo mtu mmoja tu duniani ambaye neno lake lingetosha, na ndiye aliyeichoma nyumba yake. Akatoa simu. Akapiga.

"Nani?"

"Mama Orpa, ni Fina."

"Mbwa wewe! Umepata wapi uso wa kunipigia? Huyo kaka yako hajafa bado?"

"Hajafa, Mama. Nitukane utakavyo, lakini usikate. Nina mtu nataka umsikilize."

Akafungua atlasi kwenye simu ya Thobias, akabonyeza nukta ya Nunukan, akaiweka sauti kubwa. Kibanda kizima kikasikiliza lugha wasiyoijua: panga, mwamba, damu, meli. Mwishoni kile kicheko.

"Kicheko hicho nimekisikia kabla hajaota meno," Mama Orpa alisema. "Yuko wapi?"

"Yuko mbele yangu, amelazwa chini. Anasema haitwi Mesakh."

"Mwekee simu sikioni."

"Iko spika, Mama. Anakusikia."

Mama mzee akaanza kuongea na mwanawe, na Fina akawa anamtafsiria koplo kwa sauti ya chini.

"Mesakh. Mwili wako sikuupata, nikazika nazi na shati lako. Nimechoma nyumba ya watu kwa ajili yako. Nimemtuma binamu yako akaue mtu gerezani kwa ajili yako. Ni wewe?"

Mesakh alibana midomo, uso ameukandamiza kwenye mbao.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Ni wewe?"

Mesakh alifumba macho.

"Sawa. Basi mwanangu ni yule niliyemzika, na wewe ni mwizi uliyemwibia sauti. Nakata simu. Jina lako halitatajwa tena mlangoni kwangu, na siku yangu ikifika usije."

"Mama, usikate!"

Ilimtoka kwa Kitaruli, kwa sauti nyembamba ya mtoto. Koplo hakuhitaji kutafsiriwa.

"Kumbe Markus wa Flores ana mama Alor," alisema, akatoa pingu.

"Mama, unaniuza? Mama, mimi ni mwanao!"

"Nimekulilia miaka mitatu," Mama Orpa alisema. "Machozi yako yamekwisha. Fina!"

"Naam, Mama."

"Mpe huyo polisi simu," alisema, akihamia Kimalei. "Atafute anayejua Kimalei cha zamani kama changu, nimtajie makovu yote ya huyo mtu tangu alipozaliwa."

"Ninakuelewa, Mama," koplo alisema, ameishika simu kwa mikono miwili.

Resi akauokota ule mti. Akampiga Mesakh mgongoni, pigo moja, la pili, la tatu, huku Mesakh ameshafungwa pingu. Koplo Rusdi aligeuka akatazama bahari, akawa anaandika makovu aliyotajiwa simuni.

* * *

Mahakama haina haraka hata ikijua imekosea. Miezi minne ilipita. Mama Orpa na wazee wawili wa kijiji cha Taruli waliithibitisha tafsiri ya Fina, Mama Orpa akaeleza pia habari ya ule mswaki, na siku aliyotoka mahakamani akaingia mahabusu kwa miguu yake mwenyewe. Mesakh alibaki Nunukan na kesi zake: mkono wa Thobias, kitambulisho cha uongo, na jicho la Resi, ambaye safari hii alikwenda kuandika maelezo. Obaja akahesabiwa kwamba kosa la kukata mtu ameshalitumikia, na zaidi.

Geti la gereza lilipofunguliwa, Fina hakumjua. Alikuwa amekonda, anatembea ameshika mbavu. Walikumbatiana pale pale juani, wakalia. Kisha Obaja akamtazama mwanaume aliyesimama nyuma, mkono wake wa kushoto umeunga ukiwa umepinda kidogo.

"Wewe ndiye Thobi?"

"Ndiye mimi, kaka."

"Huo mkono?"

"Mesakh."

"Na bado unamtaka dada yangu?"

"Namtaka. Nilikuwa nasubiri utoke, nikuombe wewe."

Obaja alimzunguka polepole, anamtazama kama anayenunua farasi.

"Nimekaa miaka mitatu na ushee kwa kumuua mtu aliye hai," alisema. "Kila siku nilijiuliza nilikosea wapi. Unajua nilikosea wapi?"

"Wapi, kaka?"

"Nilikata mara moja."

"Kaka Obaja!" Fina alimvuta shati.

"Ngoja, sijamaliza. Sikiliza, Thobi. Siku utakayoinua mkono juu yake, uliopinda au ulionyooka, nitarudi humu ndani kwa hiari yangu. Na safari hii maiti itaonekana."

Thobias hakutabasamu wala hakurudi nyuma.

"Nimekuelewa, shemeji."

Obaja akavua begi lake begani, akamtundikia Thobias kwenye mkono mzima.

"Beba, basi. Nina njaa."