Kitambaa cha Vioo Juu ya Mulango

Nilidanganya. Naanza hapo, kwa sababu Mungu anajua, na mimi nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Jirani yangu Clarisse, Mama Guy, alipamba nyumba yake kwa vitu vya Kihindi vilivyotoka Bujumbura: tembo wa mbao, sinia za shaba, mito iliyoshonwa kwa mikono. Katika mji wote wa Baraka sijaona salon ya kupokelea wageni kama ile. Nilitamani kimoja tu: kitambaa chekundu cha kutundika juu ya mulango, kimeshonewa vioo vidogo vidogo, na kengele ndogo kwenye upindo. Hata kanisani, nikiimba na chorale, nilikuwa ninakiona.

Jioni moja, mvua ikikaribia, akaniita. Kitambaa kilikuwa ndani ya sachet, mufuko wa plastiki.

"Mama Dieumerci, unashuka ku ziwa kununua ndagala?"

"Ndiyo."

"Unitupie hii. Mbali na ukingo."

"Kizuri hivi? Mama Guy, uko na homa?"

Hakucheka. "Mulango yangu ilishazoea kujibu. We tupa tu."

Nilinunua ndagala, vile visamaki vidogo. Kitambaa nikarudi nacho. Nikamuambia nikipita: nimetupa. Kisha nikakitundika kwangu.

Tulikuwa wawili nyumbani, mimi na binti yangu Dieumerci, ambaye bado mudogo. Bwana yangu Wilfried alikuwa Misisi, anachimba dhahabu. Mvua ikaanguka, giza likaja mapema. Nikawasha taa. Mwanga ukapiga vile vioo, ukuta mzima ukajaa nukta nukta. Mutoto akapiga makofi. Na mimi, Bwana anisamehe, nikasema moyoni: Mama Guy aje aone sasa.

"Hodi."

Sauti ya Wilfried.

Huku kwetu, giza likiingia, hatujibu hodi ya kwanza. Tunangoja muntu ataje jina. Nikafunga mudomo. Nikangoja...

Kengele zikalia kidogo. Upepo haukuwepo.

"Karibu," sauti ikajibu, pale juu ya mulango.

Ilikuwa sauti yangu.

Mulango haukufunguka. Lakini zile nukta za ukutani zikaanza kuzimika... moja... ingine... ingine... toka mulangoni mpaka kwenye kiti cha Wilfried, kama muntu anayepita. Harufu ikafuata. Udongo wa chini sana, ule ambao jua halijaugusa.

"Mama," Dieumerci akanong'ona, "papa iko na matope."

"Baba yako iko wapi?"

Akaonyesha kiti. Kitupu. Maji yalikuwa yanadondoka toka kwenye mbao zake.

"Anasema nikuje, tuende kulala kwake."

Nilitafuta sala. Nikapata "Baba yetu", mengine yakapotea. Na mutoto alikwisha kutoka kwenye mukeka, anaenda. Nikamunyakua, nikamufunga mugongoni. Hapo ndipo nikakumbuka: mugeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Anasindikizwa.

Nikaweka sahani ya ugali na ndagala mbele ya kiti. Nikangoja kidogo. Kisha nikasema polepole, "Mugeni, giza limeingia. Twende nikusindikize."

Nikatoka mvuani. Harufu ikatembea kando yangu. Nilisikia miguu mizito ndani ya matope, miguu isiyo yangu. Sikugeuka. Tulipofika barabarani nikasema, "Tuachane hapa. Usalimie bantu benu."

Halafu, karibu na sikio...

"Asante. Toka shimo lilituangukia, hakuna aliyenikaribisha."

Asubuhi nikaungama kwa Mama Guy. Hakunigombeza. "Kitambaa hakina ubaya," akasema. "Bahindi banakitundika juu ya kukaribisha bageni. Lakini siye, dada, tuko na bantu bengi chini ya udongo, benye habakurudishwaka nyumbani. Banakuja na sauti ya bale tunangojea." Tukakitupa pamoja, mbali na ukingo.

Jumamosi Wilfried akarudi, muzima kabisa. Mimi na mutoto tulikuwa tunatoka kuteka maji. Tukamuona amesimama mulangoni kwetu.

"Hodi," akaita.

Nyumba ilikuwa tupu. Juu ya mulango hapakuwa na kitu.

"Karibu," sauti yangu ikamujibu toka ndani.

Niliacha bidon ya maji ianguke. Nikakimbia, nikamushika shati mguu wake ukiwa tayari juu ya kizingiti.

Sasa tunaingilia mulango wa jikoni. Nimefunga bila kula, nimeomba, pasta wa kanisa amekuja kuomba. Mulango wa mbele bado unajibu. Basi wewe unayesoma, kama siku moja utanitembelea, nakuomba hili tu: usipige hodi. Simama barabarani, uniite Marthe, na usiingie mpaka umeniona kwa macho.